Kusogeza Herufi kwa Haskell, na Kwa Nini Kiswahili Hakifichiki

Ukianza mazungumzo mapya kwenye WhatsApp, juu kabisa utakuta kijisanduku kinachokuambia kwamba ujumbe wenu umefungwa, na kwamba hakuna mtu wa nje anayeweza kuusoma. Hapa Tanga, kwenye mabaraza ya kahawa ya Ngamiani, kijisanduku hicho kimegawa watu. Wako wanaosema ni uongo mtupu, kwani kompyuta ni za WhatsApp wenyewe, watashindwaje kusoma? Wako wanaokiamini kama hirizi. Na hakosekani kijana wa kuwaambia wazee, "Babu, mbona rahisi. Unabadilisha herufi tu. A inakuwa D, B inakuwa E, basi."

Huyo kijana ndiye ninayemwandikia. Alichokisema kipo kweli, ni njia ya kale sana ya kuficha maandishi, na mtu anaweza kuiandika kwa mistari michache ya programu. Ila sicho kinacholinda simu yake. Akiiandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaivunja kwa mkono huohuo, ataona sababu. Lugha nitakayotumia ni Haskell.

Kwanza tukubaliane maneno. Kusimba ni kuuandika ujumbe upya kwa kanuni fulani ili asiyehusika akiuona asiambulie kitu. Kusimbua ni kuurudisha ulivyokuwa. Ufunguo ni ile siri ndogo inayoiendesha kanuni, wanayoijua anayetuma na anayepokea tu. Kuvunja ni kuusoma ujumbe bila kupewa ufunguo. Kwa huyo kijana wetu, kanuni ni "sogeza kila herufi mbele" na ufunguo ni 3.

Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ameeleza kwamba Julius Caesar alipokuwa na jambo la siri aliandika D mahali pa A, na nyingine hivyohivyo. Mrithi wake, Augustus, alisogeza hatua moja tu, na alipofika herufi ya mwisho hakurudi mwanzo bali aliandika AA. Usidhani ujanja huu ulizikwa na Warumi. Mwaka 2006 polisi wa Italia walimkamata Bernardo Provenzano, mkubwa wa Mafia wa Sicily aliyekuwa amejificha zaidi ya miaka 40, na katika vikaratasi vyake majina ya watu yalikuwa namba: A ni 4, B ni 5, yaani nafasi ya herufi ukiongeza 3. Miaka elfu mbili baada ya Caesar, na ufunguo uleule! Vikaratasi vikasomwa.

Hapa huwa panaingia vitu viwili ambavyo watu wa pwani huvichanganya na kusimba kwa kusogeza. Cha kwanza ni kinyume, ule mchezo wa kuzungumza ambao silabi ya mwisho inatangulizwa: mbuzi anakuwa zimbu, kesho inakuwa shoke. Kinyume nacho ni kusimba, lakini kwa upande mwingine kabisa. Kwenye kinyume herufi zote zinabaki zilezile, kinachobadilika ni mpangilio. Kwenye kusogeza, mpangilio hauguswi, herufi ndizo zinazobadilika. Cha pili ni zile barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kijana akizikuta sandukuni mwa babu yake hudhani ni maandishi ya siri. Hazina siri yoyote. Hakuna ufunguo ndani yake, na yeyote aliyesoma chuoni, yaani madrasa, anaweza kuzitamka. Vivyo hivyo kompyuta kuhifadhi herufi *a* kama namba 97 si kuificha, ni kuiandika tu kwa namna inayoifaa mashine, na orodha ya namba hizo iko wazi duniani kote.

Namba hizo ndizo zitakazotusaidia. Kusogeza herufi ni kujumlisha. Ipe *a* namba 0, *b* namba 1, twende hivyo hadi *z* ambayo ni 25. Kusogeza hatua tatu ni kuongeza 3, na kwa herufi nyingi mambo yanaishia hapo. Tabu inaanza mwishoni, kwa sababu *z* ni 25, na 25 ongeza 3 ni 28, herufi ambayo haipo. Lakini hesabu hii tunaifanya kila siku bila kuijua. Ukiondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, ukakaa harusini saa tatu, hurudi saa kumi na nne. Unarudi saa mbili usiku. Umejumlisha, ukavuka 12, ukaanza upya. Herufi nazo zinazunguka vivyo hivyo, ila mzunguko wao ni wa 26: gawa 28 kwa 26, chukua baki, ambayo ni 2, na herufi namba 2 ni *c*. Kwa hiyo *z* inakuwa *c*. Hiyo ndiyo hesabu yote iliyomo humu.

Sasa Haskell. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1990, imepewa jina la mwanahisabati Haskell Curry wa Marekani, na ni mojawapo ya lugha zinazojengwa juu ya fanksheni. Fanksheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu. Ukiipa kilekile, itakupa kilekile, iwe leo au mwakani, na haigusi chochote pembeni. Aliyezoea lugha za kawaida huandika programu kama amri: chukua kisanduku, weka herufi ya kwanza, ongeza kihesabio, rudia hadi ziishe. Kwenye Haskell hakuna kihesabio wala kisanduku kinachobadilishwa. Unasema kitu fulani *ni nini*, unamwachia kompyuta. Wengi wanaogopa lugha hizi wakidhani ni za maprofesa. Kwa kazi hii nadhani ndizo nyepesi kuliko zote, kwa sababu kanuni ya Caesar yenyewe tayari ni fanksheni.

```haskell
import Data.Char (ord, chr, isAsciiLower, isAsciiUpper)

sogeza :: Int -> Char -> Char
sogeza n h
  | isAsciiLower h = zungusha 'a'
  | isAsciiUpper h = zungusha 'A'
  | otherwise      = h
  where
    zungusha m = chr (ord m + (ord h - ord m + n) `mod` 26)

simba :: Int -> String -> String
simba n = map (sogeza n)

simbua :: Int -> String -> String
simbua n = simba (negate n)
```

Tuusome taratibu. Mstari wenye nukta mbili-mbili ni tangazo: `sogeza` inapokea namba, inapokea herufi, inatoa herufi. Chini yake kuna hali tatu. Herufi ikiwa ndogo, hesabu kuanzia `'a'`. Ikiwa kubwa, hesabu kuanzia `'A'`. Ikiwa si herufi, kama vile nafasi, nukta au tarakimu, irudishe ilivyo. Ndani ya `zungusha`, `ord` inageuza herufi kuwa namba na `chr` inairudisha namba kuwa herufi. Kwa kuwa kompyuta inaijua *a* kama 97 na sisi tunataka iwe 0, tunatoa kwanza, tunajumlisha ufunguo, tunachukua baki kwa `mod`, kisha tunazirudisha zile 97.

`simba` ndipo uzuri wa lugha hii unapoonekana. `map` inachukua fanksheni na kuipitisha juu ya kila kitu kwenye orodha, na kwa Haskell neno au sentensi ni orodha ya herufi. Tazama lakini kile kilichoandikwa ndani ya mabano: `sogeza n`, bila herufi. `sogeza` ilitaka vitu viwili, tumeipa kimoja. Kwenye lugha nyingi hilo ni kosa. Hapa, ukiipa ufunguo peke yake inakurudishia fanksheni mpya, inayongoja herufi. `sogeza 3` ni msogezaji wa hatua tatu, tayari kwa kazi.

Mpe ujumbe kwenye ghci, dirisha la kuijaribia Haskell:

```
ghci> simba 3 "Njoo Raskazone saa kumi jioni"
"Qmrr Udvndcrqh vdd nxpl mlrql"
```

Itazame ile *z* ya Raskazone: imekuwa *c*, kama tulivyohesabu.

Na `simbua`? Sikuiandikia kanuni yake. Kurudi nyuma hatua tatu ni kwenda mbele hatua hasi tatu, hivyo nimeigeuza alama ya namba, basi. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Kusimbua *c* ni 2 toa 3, yaani hasi 1. Baki ya hasi 1 kwa 26 ni ngapi? `mod` ya Haskell inajibu 25, ambayo ni *z*, jibu sahihi. Lakini Haskell ina ndugu yake `rem`, nayo inajibu hasi 1, sawa na alama ya asilimia kwenye C, Java na JavaScript. Ukitumia hiyo, 97 toa 1 ni 96, na namba 96 kwa kompyuta si herufi, ni kile kialama kidogo kilicholala kwenye pembe ya kibodi. Basi ukiona Raskazone yako imerudi kama ``Raska`one``, umeshajua ugonjwa uko wapi. Mtego wa pili ni mdogo: ukitaka kujaribu hasi tatu moja kwa moja, andika `simba (-3)`, mabano yakiwemo, la sivyo Haskell itadhani unataka kutoa 3 kwenye `simba` na itakugombeza kwa maneno marefu.

Programu imekwisha. Watu wengi wangeishia hapa na kwenda kuwaonyesha wenzao. Na hapa ndipo zinapoanza zile hoja za barazani.

Hoja moja husema: basi tusogeze mara mbili, iwe ngumu zaidi. Haiwi. Ukisogeza tatu kisha tano umesogeza nane, ufunguo mmoja tu kama mwanzo. Ukisogeza 13 mara mbili umerudi ulikotoka kwa sababu 13 na 13 ni 26, na ujumbe wako umelala uchi. Hoja nyingine: mradi hawajui njia niliyotumia, niko salama. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha na usimbaji, aliandika mwaka 1883 kwamba njia ya kusimba isidhurike hata ikiangukia mikononi mwa adui, na siri yote iwe kwenye ufunguo. Kwa hiyo swali ni moja: adui akishaijua kanuni, ufunguo atautafuta mara ngapi? Kwa Caesar ni mara 25. Kuna funguo 25 tu zinazobadilisha kitu, na Haskell inazijaribu zote kwa mstari mmoja:

```haskell
yote :: String -> [String]
yote s = [simbua n s | n <- [1..25]]
```

Inakupa sentensi 25, ishirini na nne kati yake takataka, moja Kiswahili. Mtu anayeijua lugha anaiona papo hapo.

Lakini kusema "jaribu zote" kunapita juu ya jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote humu: Kiswahili kinajifichua chenyewe. Katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi alieleza namna ya kuvunja siri kwa kuhesabu ni herufi ipi inajirudia zaidi, kwa kuwa kila lugha ina herufi zake inazozipenda. Kwa Kiswahili ni *a*, na inaziacha nyingine mbali. Ila sisi tuna mlango mwepesi kuliko wa al-Kindi, unaofanya kazi hata kwa ujumbe mfupi ambao kuhesabu hakusaidii. Maneno yetu huishia kwa irabu. Yako machache ya kukopa yanayokataa, kama *maalum*, na majina kama Salaam, lakini chukua sentensi yoyote ya kawaida uone.

Rudi kwenye ujumbe wetu uliosimbwa. Maneno yake yanaishia *r, h, d, l, l*. Zipange: *d, h, l, r*. Kutoka *d* hadi *h* ni hatua nne, *h* hadi *l* hatua nne, *l* hadi *r* hatua sita. Sasa pima irabu zetu: *a* hadi *e* nne, *e* hadi *i* nne, *i* hadi *o* sita, *o* hadi *u* sita, na *u* kuzunguka hadi *a* sita. Nne, nne, sita, sita, sita. Usogeze mpangilio huo popote kwenye duara la herufi 26, hauwezi kujilalia wenyewe isipokuwa ukiurudisha mahali pake. Kwa hiyo nne-nne-sita ni *a, e, i, o*, yaani *d* ni *a*, yaani ufunguo ni 3. Hukuhitaji kompyuta.

Ushahidi mwingine umejaa humohumo. Kwenye *vdd* na *qmrr* kuna herufi mbili sawa zinazofuatana, na kwa Kiswahili hizo karibu kila mara ni irabu, ukiacha wachache kama *mmoja* na *nne*. Mbaya kuliko yote ni ng'ombe. Simba *ng'ombe* kwa 3 upate *qj'rpeh*. Kile kikoma cha juu hakikuguswa, kwani programu yetu inaacha kila kisicho herufi. Na kikoma hicho kwa Kiswahili kinakaa baada ya *ng* tu. Msomaji anaona *qj'* anasema, hii *q* ni *n*. Kwisha habari.

Hebu tumfundishe kompyuta ujanja wa irabu:

```haskell
import Data.List (maximumBy)
import Data.Ord  (comparing)

alama :: String -> Int
alama s = length [w | w <- words s, last w `elem` "aeiou"]

vunja :: String -> String
vunja s = maximumBy (comparing alama) (yote s)
```

Hiyo mistari miwili ya `import` ipeleke juu kabisa ya faili. `alama` inakata sentensi kuwa maneno na kuhesabu yanayoishia kwa irabu. `vunja` inatoa sentensi zote 25 na kuchagua yenye alama nyingi. Kwa ujumbe wetu, ufunguo wa 3 unapata alama tano kati ya maneno matano, na hakuna mwingine unaozidi tatu. Huu hapa mwingine, sikwambii ufunguo:

```
yfnij fj wjir hdtx srtxwr
```

Programu ina udhaifu wake. Ukiipa neno moja tu itababaika, maana funguo kadhaa zitalimalizia kwa irabu. Na vijana wanaoandika "mambo vp, bs kwn upo" wanaiharibia hesabu, wao na vifupisho vyao. Walimu wa Kiswahili wasinisikie, ila uandishi ule mbovu una ulinzi kidogo ndani yake.

Sasa ile WhatsApp. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa kwenye simu ya anayetuma na kusimbuliwa kwenye simu ya anayepokea, na funguo zinakaa kwenye simu, ndiyo maana kompyuta za katikati zinaupitisha bila kuusoma. Walioshangaa "kompyuta ni zao" wajue kinachopita humo ni takataka mpaka ifike simu ya pili. Tena funguo zake hazihesabiki kwa vidole: ufunguo wa biti 256 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) una uwezekano ambao idadi yake ina tarakimu 78. Caesar ana 25. Wala njia yake haiachi miisho ya maneno wala vikoma mahali pake. Lakini ukishauona ujumbe kwenye kioo, umesimbuliwa, na mjumbe wa kikundi akiupiga picha na kuupeleka kwingine hakuna hesabu itakayomzuia. Na kwa aliyedhani lugha za fanksheni ni za darasani tu: kompyuta za WhatsApp zinazopokea na kupeleka ujumbe zilijengwa kwa Erlang, lugha ya fanksheni iliyozaliwa Ericsson huko Sweden miaka ya 1980.

Kijana wetu akitaka kupanda ngazi moja, asitumie ufunguo mmoja bali mlolongo. Herufi ya kwanza aisogeze 3, ya pili 7, ya tatu 1, kisha aanze tena 3:

```haskell
simbaMlolongo :: [Int] -> String -> String
simbaMlolongo funguo = zipWith sogeza (cycle funguo)
```

`cycle` inaurudia mlolongo bila kikomo, na Haskell haijali kwa sababu inachukua kiasi inachohitaji tu. `zipWith` inaoanisha ufunguo na herufi, moja kwa moja. Fanksheni ya `sogeza` haijabadilika hata nukta. Kwa njia hii miisho ya maneno haina tena mpangilio wa nne-nne-sita, na `vunja` yetu inashika patupu. Giovan Battista Bellaso aliichapisha njia hii Italia mwaka 1553, na kwa muda mrefu watu waliiona haivunjiki. Mwaka 1863 Friedrich Kasiski, ofisa wa jeshi la Prussia, akachapisha namna ya kuivunja: tafuta vipande vinavyojirudia, pima umbali kati yao, utapata urefu wa mlolongo, kisha kila herufi ya tatu ni Caesar uleule wa zamani. Na lugha inayorudia *wa*, *na*, *ya* na *kwa* kila mstari ingempa Kasiski vipande vya kutosha.